Daftari Lako na Kahawa ya Matanga

Byabato rafiki yangu,

Ni mimi Kaijage. Naandika kwa mkono wangu, hakuna aliyenisaidia, na mwandiko wangu ni mzuri kuliko wako wa mwisho, ulipokuwa unatetemeka.

Hapa Chonyonyo mvua imenyesha. Mgomba ulio karibu na kaburi lako umetoa mkungu ambao wewe hukuwahi kuupata ukiwa hai. Mimi ndiye napalilia pale.

Sasa sikiliza. Lile daftari la Kiingereza, kazi yako ya miaka yote ya ualimu, nililidai mwenyewe. Nilisema nipe, Kiingereza nakijua kuliko diwani. Ukacheka. "Soma, mzee, uniambie nilipokosea. Halafu umpe Editha." Ukanionyesha pale barazani: "I used to dig," zamani nilikuwa nalima, siku hizi silimi. "I am used to digging," jembe nimelizoea, mgongo haulalamiki. Ukasema maneno hayo yana sura moja kama watoto wa nyumba moja, ila kila mmoja ana kibanja chake cha kulima. "Umeelewa? Kama hujaelewa, uliza." Nikasema nimeelewa. Nikalitia sandukuni pamoja na madaftari ya Kiingereza ya wajukuu.

Siku ya matanga yako watu walikuja hata kutoka Bweranyange. Wenzangu wakaanza kuwafungia kahawa ya kutafuna kwa majani makavu ya mgomba, kama siku zote. Nikakataa. Mwalimu aagwe kwa majani? Tufunge kwa karatasi, kama madukani Omurushaka! Nikafungua sanduku, nikachana mwenyewe. Watu wakanisifu.

Byabato, nilichana lako. Maandishi niliyaona. Machoni pangu yalifanana na ya wajukuu.

Kesho yake binti yako Editha akaja. "Shikamoo baba mkubwa. Baba alisema daftari lake unalo."

"Marahaba. Nalisoma bado, nimefika katikati."

Akafurahi, maskini. Anataka kuwafundishia wanafunzi wake. Akaja tena, nikamwambia bado niko katikati. Mtoto wako, Byabato. Namdanganya na huku amevaa nguo za msiba wako.

Nimezunguka kwa miguu hii hii kwa wote waliokuja, na hakuna mzee mwingine hapa angeweza. Nimepata kurasa saba. Moja ina doa la kahawa, na chini ya doa kuna jina langu. Hilo nalijua popote. Uliandika nini juu yangu? Kiingereza siwezi kukisoma. Haya, nimesema. Nadhani ulijua siku zote, ndiyo maana ulicheka.

Jumapili, kabla Editha hajarudi shuleni kwake, nitampelekea kurasa hizo na kumwambia nilichofanya, mama yake akisikia. Sitasingizia panya. Kisha nitamwomba anisomee ile yenye jina langu. Kama umenisifu, vizuri. Kama umenisema, nitakaa nisikie mpaka mwisho.

Pumzika, Mwalimu. Na nisipoelewa, nitauliza.

Kaijage