Kikombe cha Wafula Kimejaa

Mtaa wa Tena, Jumapili

Dada Nekesa mpendwa,

Shangazi anakusalimu, na mvua ya huku pia. Jana daktari aliiwasha ile betri aliyowekewa kaka Wafula kifuani, inayopeleka umeme kidogo ubongoni kwa waya mwembamba. Alituambia wazi kwamba mtetemo wa mikono mliorithi kwa baba haujapona, umetulizwa tu.

Leo asubuhi shangazi alimmiminia Wafula chai nusu kikombe, kama tulivyozoea nyumbani tangu siku za baba. Wafula akakisukuma kikombe mbele.

"Shangazi, jaza bwana. Hii ni chai ama dawa?"

"Ukimwagia kitambaa changu, utakifua wewe!"

Akajaza hadi ukingoni. Wafula akakiinua kwa mkono mmoja, akanywa polepole, akakirudisha mezani. Kitambaa hakikupata hata tone. Aliyekilowesha ni shangazi mwenyewe, kwa machozi.

Najua uliapa kwamba hakuna atakayekutoboa kichwa, nami sikulazimishi. Njoo tu ukae mezani na kaka yako, umwangalie akinywa. Nitakumiminia nusu kikombe, mpaka wewe mwenyewe useme nijaze.

Nduguyo akupendaye,
Simiyu