Dada Yangu Si Picha ya Karamu

Mdogo wangu Nekesa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, na kabla ya lingine lolote nakuuliza habari ya mwili wako. Nataka jibu la kweli, si lile la "niko sawa" unalompa Mama. Mifupa inasemaje na mvua hii ya Kitale? Kidato cha tatu wameelewa hesabu zako au bado wanakuchosha? Na Mama huko Sirisia, goti limepoa? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, hata nimenenepa kidogo.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu Khocha Simiyu alinipigia simu kutoka Kachibora akaniambia, "Nasikia umegombana na wazungu waliokupa kazi." Sitaki mjomba wetu atangaze habari nusu sokoni. Wewe ndiye uliyetajwa katika jambo hili, kwa hivyo wewe ndiye utakayelisikia lote, kisha umsomee Mama.

Nilishakueleza kuhusu chama cha wanabiofizikia wa nchi hii, yaani watu wa fizikia wanaochunguza viumbe hai. Huu ni mwaka wangu wa tatu kuwa mwanachama. Kila mwaka tuna mkutano mkuu wa siku nne. Watu husoma matokeo ya utafiti wao, hubishana, huchagua kamati, na jioni ya siku ya tatu kuna karamu. Miaka miwili ya kwanza nilikaa nyuma nikaandika tu. Mwaka huu nilikuwa na kitu cha kuwaambia.

Kazi yangu unaijua. Napitisha chembe nyekundu za damu ya wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wako, kwenye vijia vyembamba kuliko unywele. Napunguza oksijeni polepole, kisha napima kila chembe inachukua muda gani kupita. Wengi wetu tulifundishwa kwamba chembe hukwama kwa sababu imejikunja ikawa kama mundu. Mimi niliona inaanza kukakamaa mapema, ikiwa bado mviringo, na ukiitazama kwa macho huwezi kuitofautisha na nzima. Nilirudia kipimo hicho mpaka wenzangu maabara wakanionea huruma. Kila mara kilitoka vilevile. Huenda siku moja mtu kama wewe akaambiwa mapema kwamba maumivu yanakuja, kabla hayajamlaza.

Basi ratiba ya mkutano ikatoka. Matokeo yangu yatasomwa na Profesa, mkuu wa maabara yetu. Jina langu likafuata la kwake kwa herufi ndogo. Nikashuka chini kwenye ratiba ya karamu, nikajiona tena: nitatoa ushuhuda kuhusu maisha ya dada yangu mgonjwa barani Afrika. Hakuna aliyeniuliza.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa chama. Nikamkuta na Profesa mwenyewe.

"Wewe unaongea vizuri, watu wataguswa," mwenyekiti akaniambia. "Na ukipata picha ya dada yako akiwa hospitalini, itasaidia sana. Profesa ataeleza upande wa sayansi."

"Vipimo nilivifanya mimi," nikasema.

"Hakuna anayekataa," Profesa akajibu. "Lakini maswali huwa magumu pale."

"Ndiyo maana nataka kuyajibu mimi."

Profesa akatabasamu kama mtu anayemngoja mtoto amalize kununa. Akaniambia nifikirie mpaka Ijumaa, na nikumbuke kwamba mkataba wangu unaisha mwishoni mwa mwaka.

Nekesa, nikuambie ukweli ambao Khocha hana. Nilirudi mezani kwangu nikaanza kutafuta picha. Nilikuwa nayo, ile ya wewe ukiwa wodini Bungoma, mrija mkononi, midomo imekauka. Nikaiangalia kwa muda mrefu. Nikajiambia ni jioni moja tu, itapita. Ndipo nikakupigia.

Ulikuwa unasahihisha mitihani. Ulicheka kwanza. "Ati wanataka picha nikilia? Si uwaambie nilimaliza kulia kidato cha pili, bana. Watumie ile ya graduation, nikiwa na kofia." Tukacheka wote wawili. Halafu nikasikia kalamu yako imesimama, ukasema, "Dada, usinipeleke huko nikiwa kitandani."

Sikungoja Ijumaa. Nilimwandikia mwenyekiti mistari miwili tu, kwamba ushuhuda sitatoa na picha haipo. Kisha nikamtafuta Bi Marta, katibu wa chama, mama mmoja mwenye mvi anayehariri jarida letu na ambaye kila mtu humpita kama ni kiti. Nikamwomba katiba ya chama. Akaitoa kwenye droo, akafungua ukurasa bila kutafuta, akaweka kidole. Pale palisema kwamba mwanachama yeyote anaweza kuleta hoja mbele ya kikao cha wanachama.

"Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza kifungu hiki," akasema.

Kikao kilikuwa siku ya pili. Wakasoma ripoti, wakachagua mweka hazina, wakapongezana. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo, tayari akikusanya karatasi zake, nikasimama. Ulimi ukataka kurudi kwetu, ule wa kuchanganya l na r tuliochekewa Kitale tukiwa wadogo. Nikauacha urudi. Nikasema naleta hoja: aliyefanya vipimo ndiye ayasome matokeo yake.

"Muda umekwisha," mwenyekiti akasema.

Bi Marta akasoma kifungu kile kwa sauti, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama anayesoma tangazo la mazishi. Ikabidi watu wapige kura kwa kuinua mikono. Profesa hakuinua wake. Wengi waliokaa viti vya mbele hawakuinua. Lakini vijana wa maabara, wale wanaokesha na darubini huku majina ya wengine yakisomwa, waliinua safu baada ya safu. Tukapita.

Wakanipa dakika kumi, siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, wakati watu wanaburuta mizigo kwenda stesheni. Walidhani nitakataa. Karamuni nilikwenda, nikaketi, nikala samaki wao mpaka akaisha. Kwenye ratiba iliyokuwa mezani, ushuhuda wangu ulikuwa umefutwa kwa kalamu. Mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Dada yako anaendeleaje?" Nikamwambia anafundisha hesabu na wanafunzi wanamwogopa.

Kesho yake ukumbi ulikuwa nusu tupu. Nikasema yote niliyoyaona, bila haraka. Nilipomaliza, mzee mmoja kutoka chuo kingine akasimama akauliza kama si joto la mashine lililokuwa linanidanganya. Lilikuwa swali gumu kweli. Nikamwonyesha jinsi nilivyolidhibiti joto. Akauliza la pili, nikajibu. La tatu sikuwa na jibu, nikamwambia sina, ila najua ni kipimo gani kitanipa. Akaandika kitu, akaketi. Hakuna aliyeniuliza kama nilikulia kwenye kibanda.

Sasa usidhani wamenibeba mabegani. Profesa hanisalimii tena kwenye korido. Mkataba wangu hautaongezwa, barua ameshaileta, fupi na safi. Hilo ndilo Khocha alilolisikia akaliita ugomvi. Mwambie halikuwa ugomvi. Nilikataa tu, na ningekataa tena hata leo asubuhi. Jarida la chama limetoka, na Bi Marta ameyachapa matokeo yangu ukurasa wa tatu, kwa jina langu kamili, Nafula na la Baba. Nakala yako nimeikunja ndani ya bahasha hii. Usimpe mtu akaipoteza.

Yule mzee naye ameniandikia. Anasema bado haamini kipimo changu, na kama nina uhakika nacho basi nikirudie kwenye maabara yake, na kama kitasimama atanipa nafasi hapo. Nimemjibu kwamba naenda, na aandae darubini nzuri, kwa sababu atakayebadilisha mawazo ni yeye. Na uchaguzi ujao wa kamati, nimeshajaza fomu ya kugombea. Nikianguka, nitajaza nyingine.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya goti asigawie majirani. Nisalimie Kukhu, mama yake Mama, umwambie nasali, ingawa si kila Jumapili. Nisalimie shemeji yangu mtarajiwa, yule mwalimu wa Kiswahili unayedhani simjui. Khocha Simiyu umsalimie pia, ananipenda, ni mdomo tu.

Vaa sweta unapokwenda darasani. Wakikuomba ujihurumie, wanyime.

Ni mimi dada yako, ambaye hajaomba msamaha kwa mtu,
Nafula