Gurudumu la Saa Yako, Dada

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, umelala kaburini pale Suji nyuma ya migomba, lakini heshima ni yako, na mimi mdogo wako nina hasira na sina mwingine wa kumwambia.

Saa yako imenitesa. Ile ya ukutani, ya kutia ufunguo, uliyokuwa ukiniruhusu niikaze Jumapili tukitoka kanisani. "Polepole," unaniambia, "hukamui nguo hiyo." Ulipoondoka duniani, nayo ikasimama. Gurudumu moja la shaba limevunjika meno. Sasa binti yako Nakijwa anaolewa Jumamosi, anataka aende nayo kwa mumewe kule Bendera, iwe inagonga kama ilivyokuwa ikigonga kwako.

Nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema, "Gurudumu ni kitu gani? Mimi nilimmiminia mzungu mmoja pete, kufika kwao wakamkamata, wakidhani ameiiba makumbusho! Mlima Shengena wenyewe nikiuwekea mivukuto unayeyuka!" Wakapiga makofi. Mkwe wetu mtarajiwa peke yake hakupiga. Akasema kwa adabu zake zote, "Mjomba, ikishindikana tusisumbuane. Tunatoa hivyo vyuma vya ndani, tunaweka mashine ya betri. Haitagonga, ila saa itaonyesha."

Haitagonga! Dada, nilitaka nimrudishie mbuzi wake wa mahari palepale.

Kazi naijua, wewe shahidi. Hereni zako za kwanza nilizimimina kutoka kwenye kufuli bovu la ghala. Ukazivaa kanisani masikio yakageuka kijani, na akina mama wa kwaya walipouliza ukawajibu ndio mtindo wa Nairobi. Hukunivua nguo mbele ya watu. Nilipofika nyumbani ndipo uliponisema mpaka makande yakapoa.

Basi nikachekecha mchanga wa korongoni, nikaulowesha kidogo, nikaushindilia kwenye boksi. Lile gurudumu bovu nikaliziba mapengo kwa nta, nikalikandamiza mchangani liache umbo lake, nikalitoa, nikamimina shaba niliyoyeyusha kutoka kwenye koki mbovu za bomba. Likatoka gurudumu linang'aa, ungeweza kulivaa shingoni. Kulifunga ndani ya saa, meno hayafikii meno ya mwenzake! Dogo. Linacheza kama jino la bibi kizee.

Nikalaumu mchanga. Nikarudia, dogo vilevile. Nikalaumu upepo huu wa Same unaotia vumbi hadi kwenye ugali. Nikarudia. Nikamlaumu jirani, nikamwambia aache kuchungulia kazi za watu na jicho lake hilo, mpaka leo hatusalimiani. Na wewe nilikulaumu, nisikufiche. Mtu gani anaweka saa isiyo na vipuri?

Jana Nakijwa akaja kwangu, akachukua beseni langu la kazi, akaloweka kitenge kipya. Nikamwakia, "Kipya hicho, unakifulia nini?"

"Sikifui, Mjomba. Nakilowesha kirudi, kipungue kabisa kabla fundi hajakikata. Mama alikuwa anasema..."

"Mama, mama! Kila kitu mama! Mama yako alimimina shaba?"

Akaendelea kukididimiza kitenge majini. Hapo nikakuona, kama zamani. Umekaa kwenye cherehani unashona sare za shule, nami nimeinua shati la mtoto nakucheka kwamba umelishonea jitu. Ukanijibu bila kuinua macho: "Namshonea shati la baada ya kufuliwa."

Dada, kumbe shaba nayo ndivyo! Ikipoa inajikunyata kama mtu wa tambarare aliyepanda mlimani Chome kwenye baridi ya mwezi wa saba. Miaka yote hii namimina pete, zikitoka ndogo namwambia mteja kidole chake kimenenepa.

Nikalipaka gurudumu la zamani nta kote, nyembamba kama ganda la kitunguu, likanona kidogo. Nikalikandamiza upya mchangani, nikamimina, nikalainisha meno kwa tupa. Leo asubuhi nimelifunga, nikatia ufunguo polepole, kama ulivyotaka. Meno yakashikana.

Ilipogonga, Nakijwa alikuwa anapanga nguo zake sandukuni. Zikamponyoka. Unajua alisema nini? Hakusema, "Hongera, Mjomba." Mimi niliyeungua vidole, niliyekosana na jirani bure! Alisema, "Mama." Basi. Akakaa chini akaisikiliza mpaka ikamaliza.

Kazi nifanye mimi, jina lipate marehemu. Hata huko uliko unanishinda.

Jumamosi nimepewa nafasi ya kuzungumza. Nitawaambia kwamba ujanja wa nta nimeoteshwa ndotoni na babu zetu wafua chuma. Saa itakuwa mezani, karibu yangu. Ikigonga katikati ya maneno yangu nitajua ni wewe unanibishia, na mbele ya watu wote nitasema, marahaba yako nimeisikia.

Ni mimi mdogo wako,
mjomba wa Nakijwa