Bakuli la Uji Nililolitanguliza

Alhamisi. Mawingu yamejaa juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Sitaki salamu ya mtu leo.

Wiki mbili zilizopita tulimzika kaka yangu. Kwetu, kabla mwili haujatoka nyumbani, lazima mmoja wa familia asimame aeleze historia ya ugonjwa: ulianza lini, alitibiwa wapi, alikula nini, nani alikuwa naye. Wazee walinichagua mimi. Si ndiye mwandishi?

Mwandishi gani. Mpumbavu.

Mwalimu wa semina ya uandishi alitufundisha: anza karibu na mwisho, kata maelezo, mwachie msikilizaji pengo alijaze mwenyewe. Nikafuata. Nikaruka miaka ya sukari, hospitali, vidonge. Nikaanza hivi: asubuhi ile alikunywa uji wa mkewe, akaomba maji, akanyamaza.

Ua mzima ukawa kimya. Hata wapishi waliacha sufuria zao. Nilifurahi, nakiri. Kaka yumo sandukuni, na mimi nasikia raha ya kusikilizwa.

Pengo walilijaza, tena siku ile ile. Sasa shemeji yangu, Mama Neema, anaitwa mchawi. Baba mdogo amefunga nyumba ya kaka kwa kufuli, mjane analala kwa jirani na watoto wake. Jana nilikwenda kumwambia baba mdogo kwamba uji ule haukuwa na neno. Hakuinua hata kichwa.

“Weye mwenyewe njo ulisema, mbele ya batu bote. Uji, kisha kifo.”

Namchukia mwalimu yule. Lakini yeye alisema tukate yanayochosha, na mimi nilikata vidonge si kwa sababu vinachosha. Kaka alikuwa anavitupa nyuma ya choo. Nilimwona, zaidi ya mara moja. Aliniomba nisimwambie mkewe, nami nikafunga mdomo.

Ningevitaja, wangeuliza nani alijua.

Kesho tunamaliza matanga na wote watakuwepo. Nitasimama pale pale nianze na sukari, mwaka kwa mwaka, kidonge kwa kidonge, hadithi mbovu isiyo na pengo hata moja. Watapiga miayo. Wapige. Ila nikifika nyuma ya choo, je, nitasema “nilimwona”, au nitatafuta tena namna nzuri ya kuruka pale?