Siku Nne Bila Mashine

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

U hali gani wewe na wote walio chini ya paa lako? Shemeji anaendeleaje na zamu za kiwandani? Na mama mkwe wako, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, ila magoti yananitajia umri wangu kila nikipanda ngazi.

Nina habari mbili. Ya kwanza, ofisi imenipangia kukagua mizani za maduka ya mji wenu wiki ya kwanza ya Machi. Nitafika Jumapili jioni na kuondoka Ijumaa asubuhi. Nyumba ya wageni nimeikataa. Nina mdogo wangu wa tumbo moja, nikalale kwa watu baki kwa nini? Nitakuja na kigari changu, na Mama Mdogo ameomba lifti. Atashukia kwa rafiki yake, kisha tutarudi wote. Bado anashona magauni ya maharusi, kwa cherehani ile ile iliyotusomesha mama alipotutoka.

Ya pili, usicheke. Mwezi wa kumi na moja nilisinzia nikiwa wima katika duka la nafaka, jiwe la kilo mbili mkononi. Mwenye duka akadhani naomba dua, akainamisha kichwa. Jiwe likaniangukia mguuni ndipo nikazinduka, na yeye akaitikia "Amina." Nikaenda kwa daktari. Walinilaza usiku mmoja na nyaya kichwani, asubuhi akaniambia, "Mama, wewe hulali. Unazama na kuibuka." Kumbe nikilala pumzi inakatika, mara thelathini na zaidi kwa saa. Marehemu shemeji yako alikuwa akilalamika kwamba nakoroma kama trekta, nami nikidhani ananitafutia sababu tu!

Sasa nina kimashine cha safari, saizi ya nusu mkate. Kinapuliza hewa kwenye mpira mrefu hadi kwenye barakoa ninayovaa puani. Kinavuma kidogo, lakini tangu nikipate naamka nikiwa mtu. Hata ndoto zimerudi. Nilidhani uzee umezifuta, kumbe sikuwa nafika huko zinakokaa.

Wasalimie wote.

Dada yako

*

Tarehe 17 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, na nimecheka mpaka mwenye duka la miwani ninakofanya kazi akatoka ofisini kuuliza kama nimeharibu lenzi nyingine. Pole kwa ugonjwa, na pole kwa mguu. Mume wangu anakusalimu. Mama mkwe amepona, ila siku hizi usingizi wake ni mwepesi, paka akipita anamsikia.

Karibu kwa mikono miwili. Utalala sebuleni, nimeazima godoro nene. Nyumba yetu unaijua, kuta ni mbao tu, mtu akifikiri chumba cha pili unamsikia. Lakini tutabanana. Ulinibeba mgongoni, mimi nishindwe kukutandikia?

Njoo salama. Mwambie Mama Mdogo asinunue chochote.

Mdogo wako

*

Tarehe 21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali kwa maneno gani. Mbavu zimeungana? Simu hupokei, na sikulaumu. Barua hii nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeichana. Hii nitaipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Mara ya mwisho kukuona ulikuwa kwenye kitanda cha hospitali, siku ya pili baada ya ajali. Ndugu wote walikuwa wamekuzunguka, Mama Mdogo akiwa kitanda cha jirani. Mjomba akauliza, "Ilikuwaje mtu mzima usinzie kwenye usukani saa nne asubuhi?" Ukajibu, "Mashine yangu niliisahau nyumbani. Siku zote nne nilikuwa silali vizuri." Mjomba akasema uzembe wako umemvunja mkono Mama Mdogo. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pako. Nilijua mashine imo kwenye begi lako, chini ya khanga, kwa sababu begi nililifunga mimi. Ukanitazama mara moja, ukageukia ukutani. Nami nikanyamaza.

Dada, nataka iandikwe mahali, hata kama ni kwenye karatasi hii tu. Jumapili ile ulilala na mashine yako. Jumatatu asubuhi, chai ikiwa mezani, mama mkwe akauliza, "Usiku kulikuwa na nini kinavuma? Nilidhani jirani kafungua kinu." Mume wangu akacheka. Mimi uso ukaniwaka. Nilikufuata jikoni, nikakuambia kwa sauti ya chini, "Dada, hiyo mashine huwezi kuiacha siku hizi chache? Watu hawalali."

Ukaniuliza, "Nani hajalala?"

Nikasema, "Sote."

Nilisema uongo. Mimi nililala fofofo, na mume wangu alikuwa zamu kiwandani usiku kucha. Niliona aibu tu, basi. Niliona aibu kwamba dada yangu, ambaye nimemsifu kwa mama mkwe miaka sita, analala na mpira puani kama mgonjwa mahututi. Ukaniambia, "Haya, mwenye nyumba ni wewe." Ukauviringa mpira taratibu, ukaweka kila kitu kwenye begi.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Alhamisi jioni ulisinzia mezani, kijiko mkononi, na tukacheka. Ijumaa asubuhi macho yalikuwa mekundu. Niliyaona, nikakufungulia mlango wa gari.

Nisamehe. Sijui hata kama ninastahili kuliandika neno hilo.

Mdogo wako

*

Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mbavu zimeungana. Kazini nipo, ila leseni imezuiwa mpaka daktari aridhike, kwa hiyo sitoki kukagua. Nimewekwa stoo, nasugua mawe ya mizani kwa kitambaa na kuyapanga, kilo na kilo, gramu na gramu. Vijana wa ofisi wananiita Bibi Stoo. Wanadhani sisikii.

Kila jioni napita kwa Mama Mdogo. Mkono wa kulia umepona kwa macho tu. Kidole gumba na cha shahada havikutani, na sindano hushikwa kwa hivyo viwili. Anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto, mkasi unakwenda upogo, anacheka. Mimi humtungia uzi. Cherehani ameifunika shuka.

Barua yako niliisoma ilipofika. Sikujibu kwa sababu kila nililotaka kuandika lilikuwa na meno.

Naandika leo kwa sababu ya jambo moja. Wiki iliyopita nilirudi kliniki ya usingizi, nikamweleza fundi wao kwamba mashine ina kelele, kwamba iliwahi kusumbua watu. Ni kijana mpole, ana miwani mikubwa, ungempenda. Akasema, "Tuiwashe, mama, tuisikilize." Akasikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Kisha akanionyesha. Barakoa ilikuwa kubwa kuliko uso wangu, hewa ikitoroka pembeni ya pua, na mluzi wake ulitoka hapo. Kichujio kilikuwa kimejaa vumbi la maduka ya nafaka, mashine ikihangaika kuvuta hewa. Akaniuliza, "Huwa unaiweka wapi ukilala?" Nikamwambia kwako niliiweka juu ya kabati la televisheni, lililoegemea ukuta. Akagonga meza yake kwa vidole: du, du, du. "Kabati tupu na ukuta wa mbao, mama, hiyo ni ngoma. Aliyelala upande wa pili alikuwa ndani yake."

Akanibadilishia barakoa. Akaweka kichujio kipya. Akakunja taulo mara nne, akaitandika sakafuni chini ya usawa wa kitanda, mashine juu yake, akahakikisha tundu la kuvutia hewa halizibwi. Akaiwasha.

Ilisikika kama mtu anayepumua karibu yako. Basi.

Nilitazama saa ya ukutani. Dakika kumi, mdogo wangu. Sisi tulikuwa na siku nne.

Na taulo ulikuwa nazo, nilizikunja mwenyewe Jumanne zilipokauka.

Dada yako

*

Tarehe 28 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na magoti yamekuhurumia. Sisi ni wazima wa mwili.

Barua yako nimeikunja mfukoni mwa koti la kazi siku tisa. Napiga msasa lenzi huku inanigusa kiunoni. Siku ya kumi nilishindwa. Jioni nilimkuta mama mkwe anachambua mchele, nikaketi mbele yake nikamwambia yote. Nilianza na lile neno lake la kinu.

Akaacha kuchambua. "Mimi niliuliza kilikuwa kitu gani," akasema. "Niliuliza tu."

Nikamwambia, "Nilidhani umekasirika."

"Mwanangu, ungeniambia ni ya kupumua, ningevuta kitanda changu ukuta wa pili nikalala. Mimi nimeishi na mume aliyekuwa fundi bati." Kisha akauweka ungo chini, akasema, "Kwa hiyo umeniweka mimi ndani ya jambo hili, na mimi sikujua." Hajanifukuza wala kunigombeza. Lakini siku hizi akitaka kuniuliza kitu, hata kama chumvi iko wapi, anaanza kwa kusema, "Nauliza tu." Dada, maneno mawili hayo yananichoma kuliko tusi.

Jumamosi nilipanda basi hadi kwenu. Wewe ulikuwa stoo, nilichagua saa hiyo makusudi, sikuwa na uso wa kukutana nawe. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mdogo. Alinifungulia kwa mkono wa kushoto. Nilipiga magoti pale pale mlangoni nikasema, "Mama, si dada. Mashine ilikuwemo kwenye begi. Mimi ndiye niliyemkataza."

Aliniinua, akaniketisha. Nikadhani atalia, au atanipiga. Akaniuliza kama nimekula. Halafu akasema, "Dada yako alitaka kusimama."

Sikuelewa.

"Tulipopita kituo cha mafuta," akasema, "aliniambia, 'Mama Mdogo, macho mazito, nisimame nilale nusu saa.' Nikamwambia, 'Bibi harusi anakuja kujaribu gauni saa nane, twende tu, nitakuwa nakupigia hadithi.' Nikampigia hadithi. Kisha na mimi nikasinzia."

Tulikuwa tumekaa kwenye chumba ulichokuwa ukilala zamani. Bado kina vipande vya kitambaa cheupe kila kona. Akasema, "Nilingoja aseme hospitalini. Hakusema. Mjomba wenu alipomwita mzembe mbele yangu, nilifumba macho nikajifanya dawa imenichukua." Akautazama mkono wake. "Miezi minne anakuja kunitungia uzi, na mimi namwacha atunge."

Dada, umetubeba wote wawili mgongoni, na hukumwambia yeyote kati yetu kwamba mwenzake naye anabebwa.

Nimemwandikia mjomba. Nimemwambia ukweli wangu, wa Mama Mdogo nimeuacha auseme mwenyewe. Na nimetengeneza mahali pako. Kabati nimelihamisha, ukuta nimeutundikia blanketi, nimenunua taulo nzito isiyotumika kwa kazi nyingine. Mume wangu alilala sakafuni na redio imewashwa taratibu badala ya mashine yako, mimi nikalala chumba cha mama mkwe kusikiliza. Sikusikia kitu.

Njoo, dada. Hata usiku mmoja.

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Ni mzima, nawe uwe mzima. Msalimie shemeji. Mama mkwe wako mpe mkono wangu, umwambie namshukuru kwa lile la ukuta wa pili.

Mjomba alikuja na barua yako mkononi. Hakuomba radhi, unamjua, angemeza jiwe kwanza. Lakini alikaa kibarazani saa nzima akinisimulia ng'ombe wake, na alipoondoka akaita, "Lala vizuri." Kwake yeye hilo ni hotuba.

Mama Mdogo naye amesema la kwake. Tulilia kidogo, tukanywa chai. Sasa amemchukua binti wa jirani kumfundisha. Binti anakanyaga cherehani, yeye anamsimamia na kumkemea. Shuka imeondolewa.

Usinivishe joho la wema. Unaandika kwamba nimewabeba. Sikuwabeba. Pale kitandani, mjomba alipouliza, nilikuwa na majibu mawili. Kusema nilisahau, nikaonekana mzembe. Au kusema mdogo wangu niliyemlea alinionea aibu nyumbani kwake. Nilichagua lile lililouma kidogo. Kilikuwa kiburi. Na jikoni kwako pia kilikuwa kiburi. Daktari alishanionya nisiendeshe gari bila kulala na mashine. Ningeweza kukujibu, "Hapana, bila hii siwezi." Ningeweza kwenda nyumba ya wageni. Nilitaka uone umenikosea, uone kwa macho yangu mekundu, na nikaendesha gari lenye mtu ndani ili nikuoneshe. Hilo sijamwambia mtu. Wewe unalijua sasa.

Kwa hiyo samahani uliyoiomba, chukua. Na mimi nipe yangu ukiweza. Usiharakishe.

Kuhusu kuja kulala. Nimeisoma sehemu ile ya blanketi na taulo mara nyingi. Najua umepanga kwa moyo. Najua haitasikika. Lakini juzi nilijaribu kulala kwa jirani yangu aliyefiwa, na nilipoishika swichi ya mashine vidole vilikataa. Nilikaa macho hadi kukacha, nikisikiliza nani anageuka kitandani. Siwezi tena kulala nyumba ya mtu. Si hasira. Mwili umeamua bila kuniuliza.

Jumamosi ya tarehe 20 nitapanda basi la kwanza. Nitafika saa nne. Nitakula chakula cha mchana kwenu, nitakaa na mama mkwe wako, nitaiona lenzi uliyoipiga msasa. Basi la saa kumi nitarudi nalo.

Pika cha kutosha.

Dada yako