Ngazi Zinazoshuka Mpaka Majini

Baba Wangari, wewe uliyelala Dagoretti chini ya mti wa avokado wa mama yako,

Nakuandikia nikiwa nimekaa nje ya nyumba yetu hapa Riruta, miguu nimeinyoosha juani, na nguo yangu nyeupe niliyoifua asubuhi inakauka kwenye kamba. Habari ya hiyo nguo nitaifikia. Kwanza nikupe habari za mtoto, maana najua hata huko uliko ungeanza kwa kuniuliza yeye.

Binti yako ni mtu mkubwa sasa. Anavaa kofia ngumu nyeupe, na wazee wenye mvi wanakunja mikono wakimngoja amalize kuongea. Ndiye aliyechora ile njia ya kutembea kando ya mto kule mjini, bondeni chini ya Kirinyaga Road. Unapakumbuka? Tulikuwa tukipita hapo mimi nimeziba pua kwa leso na wewe unanitania eti mtu wa Machakos amezoea hewa ya milimani. Leo pale kuna viti, kuna taa, kuna nyasi. Watoto wanaendesha baiskeli. Wageni wanashuka kutoka hotelini na kamera zao kupiga picha ndege. Watu wananiambia kazi ile ilifanywa na timu. Sawa. Mimi katika hiyo timu nilizaa mmoja, na huyo ndiye ninayemsifu.

Nakumbuka siku uliyonipeleka mtoni mara ya kwanza, kwenu Dagoretti, kabla hujaenda kwa baba yangu kuniposa. Ulinionyesha jiwe pana lililoingia majini, ukaniambia hapo ndipo ulipobatizwa ukiwa kijana, kanisa zima likishuka bondeni kwa nyimbo, na maji yalikuwa safi mpaka uliona vidole vyako vya miguu kwenye mchanga. Nikakwambia mimi nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, nikawekewa maji kwenye paji la uso. Ulicheka ukashika magoti.

"Kumbe wewe walikunyunyizia tu, kama sukuma ya sokoni."

Na mimi wakati huo nauza mboga ya sukuma pale stejini kwenye matatu, nanyunyizia maji asubuhi na mchana isinyauke. Nikakujibu kwamba iliyonyunyiziwa ndiyo hununuliwa, na tazama, mteja amefika. Mara chache sana nilikushinda kwa maneno hivyo, na hiyo moja nimeiweka.

Nikahamia kanisa lenu, lakini kuzamishwa nikawa naahirisha. Mwanzo nilikuwa na mimba, halafu nikawa na mtoto mgongoni, halafu mto wenyewe ukaanza kubadilika rangi. Kanisa likanunua tangi jeusi la plastiki, likakatwa juu, likawekwa nyuma karibu na choo. Pasta akawa ananiita kila mwaka nami nikawa nakataa. Nilisema siwezi kulowekwa kwenye tangi kama mablanketi. Watu walicheka, hata wewe ulicheka, ila jioni hukumaliza chai yako.

Halafu ukaugua. Mvua ilikuwa inapiga mabati na sauti yako ilikuwa imebaki ndogo, nikainama ndiyo nikusikie. Uliniuliza, "Mama Wangari, utaingia?" Nikakwambia nitaingia, lakini mtoni, kwenye mto ule ule uliokupokea wewe, siku maji yatakaporudi. Ukafumba macho kama mtu aliyefikishwa nyumbani. Hukuniuliza tena.

Ndiyo maana siku nilipompelekea Wangari chapati ofisini kwake, kule Hurlingham, nilisahau hata kumpa chapati zenyewe. (Askari wa langoni aliniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia naenda kwa injinia niliyemnyonyesha. Alifungua lango lote, hata lile la magari.) Ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wa mto, ule ule unaoteremka kutoka kwenu Dagoretti mpaka mjini. Mimi niliishia darasa la saba lakini ngazi nazijua nikiziona. Ngazi pana, zinashuka kutoka kwenye njia mpaka ndani ya maji. Nikamuuliza ni za nini. Akasema ni za watu kukaa na kutazama mto. Kisha akaongeza polepole, akiwa amenipa mgongo, kwamba wakubwa wake walitaka ziishie juu, penye ukingo wa chuma, na yeye akakataa. Alizichora akikumbuka lile jiwe lako.

Baba Wangari, unanijua. Nilisikia lile la jiwe, yale mengine yote yakaniponyoka. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatangaza kwamba mtoto wangu ametujengea mahali pa kubatizia katikati ya Nairobi, na kwamba siku ya kufunguliwa mimi ndiye nitakayetangulia kuingia. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikashonewa nguo nyeupe. Wangari mwenyewe sikumwambia. Nilitaka aone.

Siku yenyewe tulishuka bondeni akina mama tele, vitambaa vyeupe kichwani, tukiimba zile nyimbo zenu za zamani. Pasta alikuwa amebeba gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira vya kuingilia majini, kwenye mfuko wa karatasi. Watu waliokuwa wakitembea walitupisha, wengine wakatoa simu wakaanza kutupiga picha. Na mto, nikuambie ukweli, ulinipendeza. Mawe yalionekana. Hakukuwa na takataka zinazoelea. Nikasema, Mungu ni mwaminifu, maji yamerudi.

Kumbe kwenye ngazi za chini palikuwa na mnyororo. Na mbele ya mnyororo alikuwa amesimama binti yako, koti lake la manjano linang'aa, anatutazama tukija.

Alimsalimia Pasta kwa heshima, kisha akaja karibu nami akaongea chini chini ili nisiaibike. Akaniambia, "Mami, hapana."

Nikamuuliza, kwani hizi ngazi si zake.

"Ni zangu. Ndiyo maana nasema hapana. Maji haya yameanza kuonekana safi, lakini hayajawa safi. Mtu akiyameza ataugua. Sijamaliza, Mami."

Nyuma yangu wimbo ulikuwa umekufa. Mama Njoki, yule wa kwaya, unajua mdomo wake, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba si tuliambiwa mwenye mto ni mtoto wa nyumbani. Nilimtazama Wangari. Alisimama pale pale mbele ya mnyororo. Akanikumbusha wewe, ukisimama mlangoni kumkatalia ndugu yako jambo, unampenda na hutoki.

Nikawageukia akina mama. Nikawaambia ndiyo, ni wangu. "Mnaona vile anamkatalia mamake mbele za watu? Nilimlea hivyo mwenyewe." Halafu nikakaa kwenye ngazi ya juu na nguo yangu nyeupe. Mama Njoki akakaa kando yangu, akanishika mkono, akaanzisha wimbo upya. Tukaimba tukiwa tumekaa, Pasta na gambuti zake kwenye mfuko. Wageni wakadhani ni sehemu ya sherehe, wakatupigia makofi.

Jioni Wangari alikuja hapa Riruta. Alikaa kwenye kigoda chako, akavua viatu. Tulikunywa chai. Mwishowe akaniambia hawezi kunidanganya, kusafisha mto si kama kufua nguo. Maji yote ya huku kwetu, ya mitaro ya Riruta, ya Kawangware, ya Dagoretti, huteremka kwenye vijito mpaka yafike kwenye zile ngazi zake, na mpaka kila mtaro uwe safi, mto hautakuwa safi. Hajui kama siku hiyo mimi nitakuwepo. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Mami, ulikuwa unangoja mto, ama ulikuwa unangoja Baba?"

Nilikusanya vikombe nikaenda kuviosha, nikaviosha tena.

Jibu lenyewe nitakupa wewe. Nilijua nikishaingia majini, lile neno letu la mwisho litakuwa limekwisha. Sitakuwa tena na ile ahadi niliyokupa. Miaka yote hii nimetembea na deni hilo dogo kama mtu anayetembea na ufunguo wa nyumba iliyobomolewa, na sikutaka kuuweka chini.

Jumapili iliyopita niliingia, Baba Wangari. Kwenye tangi, lile jeusi, karibu na choo. Walikuwa wamelijaza maji ya mvua kutoka kwenye paa. Yalikuwa baridi, Pasta alinishika shingo, na nilipokuwa chini nilikusikia ukicheka. Nilipoibuka Wangari alikuwa amesimama na taulo, analia kama wakati alipokuwa na meno mawili.

Ibada ilipokwisha, Pasta akafungua kizibo. Maji yakatoka, yakapita uani, yakaingia kwenye mtaro wa mawe ambao vijana wa kanisa waliuzibua mwezi uliopita kwa amri ya binti yako. Tukasimama tukiyatazama, mimi ninadondoka maji na yeye ameshika viatu vyake. Nikamuuliza yanaenda wapi. Akanionyesha kwa kidole, yatateremka kijitoni, kijito kitayapeleka mtoni, na mto utayapitisha kwenye ngazi.

Basi nilikuahidi mto, na mtoni nimefika. Nguo imeshakauka sasa, nainuka kuianua. Lala salama, baba wa mwanangu. Siku maji yakirudi kweli, atashuka yeye hizo ngazi hadi ya mwisho, na atakuwa na miguu yako.

Mimi wako, sukuma uliyoinunua ikiwa imenyunyiziwa, na sasa imezama,

Mama Wangari