Mchoro wa Kisima cha Babu Yako

Mpwa wangu Nakamarra, huko Darwin,

Sisi wazima. Mchoro wangu wa kisima cha babu yako umewaliza wageni hapa kwenye jumba letu la sanaa, mmoja kazimia kabisa! Lakini bibi Nungarrayi kaugeuzia ukutani. "We Japanangka, mtoto wa dada yako kaukagua? Bado? Basi hilo turubai tu!"

Kweli, kwa mila yetu mchoro wa kisima haukamiliki mpaka mtoto wa dada aukague, na mkaguzi ni wewe. Nakumbuka ulivyokuwa mdogo, ukinichapa kijiti nikichora: "Mjomba, maji hayapiti hapo!" Nami nikisema nakujaribu tu.

Sikuwa nakujaribu, mwanangu. Njia ya maji nilikuwa namwuliza mama yako kwa siri, na tangu tumzike sina wa kumwuliza. Njoo unioneshe.

Mjomba wako, bingwa wa jangwa zima,
Japanangka